Hesabu ya Nne

Katika hesabu nne ambazo mtoto hufundishwa shuleni, yaani kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, tatu za mwanzo aghalabu huzipokea kwa moyo mkunjufu, lakini afikapo katika ya nne uso wake hukunjamana, na mzazi aliyezoea kuona alama za vema katika daftari lake huanza kuona mistari myekundu ya makosa. Jambo hili lilizungumzwa kwa kirefu hivi karibuni katika mkutano wa wazazi wa shule ya msingi iliyo jirani na nyumba yangu hapa Tanga, nami nilihudhuria kwa kuwa wajukuu zangu husoma pale na kwa kuwa umri wangu wote wa kazi niliutumia katika ualimu. Mzazi mmoja alitaka watoto warejeshwe katika desturi ya zamani ya kuimba jedwali la kuzidisha kila asubuhi kabla ya kuingia darasani. Mwalimu kijana, kwa adabu njema, alimjibu kwamba wako watoto waliohifadhi jedwali lote, toka la mbili hata la kumi na mbili, ambao wakipewa hesabu ya kugawanya hushika kalamu wasijue pa kuanzia. Ndipo mzazi mwingine akanena neno lililonikaa moyoni: kwamba kuzidisha kunataka kumbukumbu, kugawanya kunataka akili, na akili Mwenyezi Mungu hakuwajalia watu sawasawa.

Wengi waliitikia kwa kichwa. Mimi sikuweza, kwani neno lile, ijapokuwa lilisemwa bila ya nia mbaya, humhukumu mtoto wa miaka tisa kuwa hana akili kwa ajili ya jambo ambalo, kwa yakini niliyoipata maishani, halikuwa gumu ila pale lilipotengwa na ndugu yake. Kugawanya na kuzidisha ni jambo moja linalotazamwa kutoka pande mbili, na mtoto aliyeufahamu upande mmoja kwa haki ya kuufahamu amekwisha kuukaribia wa pili kabla hajafundishwa. Ningependa kueleza jinsi nilivyolijua hili, maana sikulijua kwa siku moja wala kwa mwalimu mmoja.

Nilizaliwa Unguja, na utotoni mwangu nikifuatana mara kwa mara na mjomba wangu katika bandari ya majahazi ya Malindi, ambako alikuwa akinunua boriti za mikoko zilizoletwa kutoka delta ya Rufiji kwa ajili ya dari za nyumba za mawe. (Vyumba vya nyumba zile za kale ni vyembamba kwa sababu hiyo: boriti ina urefu wake, na chumba hakiwezi kupanuka zaidi ya boriti.) Miti ile haikuuzwa mmoja mmoja, iliuzwa kwa korija, na korija ni miti ishirini. Siku moja jahazi lilipakua miti mia nne na sitini, na nahodha na mjomba wakataka kukubaliana ni korija ngapi kabla ya kusemezana bei. Mjomba, ambaye hakupata kusoma katika skuli ya serikali, aliokota kijiti akakilaza mchangani, akasema, “Korija kumi ni miti mia mbili.” Akalaza cha pili: “Korija kumi nyingine, mia nne.” Kisha akanyamaza kidogo, akasema, “Imesalia sitini, nayo ni korija tatu. Nahodha, una korija ishirini na tatu.” Nahodha, aliyekuwa akihesabu kwa njia yake kwa vidole, alikubali.

Mimi nilikuwa nimeanza kufundishwa kugawanya skuli, na nilistaajabu kwamba hakuandika chochote. Nikamwuliza, “Mjomba, umegawanya vipi?” Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mji asioujua, akasema, “Sijagawanya kitu, mwanangu. Nimeziongeza korija mpaka miti ikaisha.” Wakati ule nilidhani hakulielewa swali langu. Nilikuja kutambua baadaye sana kwamba alilielewa kuliko mimi niliyeliuliza, kwa maana alichokitafuta ni ishirini ngapi zinazokaa ndani ya mia nne na sitini, na njia aliyoifuata kulipata jibu ni ya kuzidisha kutoka mwanzo hadi mwisho: ishirini mara kumi, ishirini mara kumi tena, ishirini mara tatu. Hapakuwa na hatua hata moja ambayo mtoto ajuaye kuzidisha asingeweza kuifanya.

Nyumbani kwetu bibi alikuwa akigawanya kwa namna mbili, na tofauti ya namna hizo mbili ndiyo ninayoona imeachwa nyuma katika ufundishaji wetu, ilhali imebeba nusu ya shida yote. Mwezi wa Ramadhani, kabla ya adhana ya magharibi, alituweka wajukuu wanne mbele ya sahani yenye tende kumi na mbili, akazunguka akimpa kila mmoja moja, kisha moja, kisha moja, mpaka sahani ikawa tupu na kila mmoja ana tende tatu. Hapo alijua idadi ya mikono, akatafuta kinachoingia katika kila mkono. Lakini alipokuwa ghalani, mbele ya mchele wa pishi tatu, ambao ni vibaba kumi na viwili kwa kuwa pishi moja ni vibaba vinne, swali lake lilikuwa jingine: akipika vibaba vitatu kila siku, mchele utamfikisha siku ngapi? Hapo fungu lilikuwa linajulikana, na kinachotafutwa ni mara ngapi fungu lile litatoka. Tende ziligawiwa watu; mchele ulipimwa kwa kibaba. Katika kitabu cha hesabu matendo haya mawili huandikwa kwa alama moja na kuitwa kwa jina moja, na mtoto aliyeonyeshwa la kwanza pekee hudhani kugawanya maana yake ni kuwagawia watu tu.

Madhara ya dhana hiyo hayaonekani mapema. Huonekana mtoto anapofika katika sehemu, akaambiwa agawanye kumi na mbili kwa nusu. Ikiwa kugawanya ni kuwagawia watu, nusu ya mtu ni nani? Nimewaona wanafunzi wakubwa, wenye akili timamu na bidii ya kutosha, wakijibu sita kwa sababu akili zao zilikataa kumtafuta huyo nusu mtu, zikaona bora kugawanya kwa mbili. Waulize kwa njia ya bibi, kwamba vibaba kumi na viwili vina nusu kibaba ngapi, nao watajibu ishirini na nne bila ya kalamu. Na iwapo mmoja atauliza imekuwaje jibu likawa kubwa kuliko kile kilichogawanywa, mjibu kwa kuzidisha: nusu mara ishirini na nne ni kumi na mbili. Kinachozifanya tende na mchele viwe hesabu moja ni kwamba kila mara iko idadi nzima inayojulikana, na idadi mbili ambazo zikizidishwa huizaa idadi hiyo. Moja kati ya hizo mbili tunayo, nyingine tunaitafuta. Kama tunayoitafuta ni ukubwa wa fungu au ni idadi ya mafungu, jedwali la kuzidisha halijali.

Katika skuli tuliimba jedwali hilo kwa sauti ya darasa zima, saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, hadi mwisho, na bakora ikiwa mezani. Siwadharau walimu wetu. Walitupa mali ambayo ninaitumia hadi leo sokoni bila ya kufikiri. Lakini tuliimba kwa kupanda tu. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa na sauti nzuri na kumbukumbu isiyoteleza, alikuwa akiimba la saba mpaka themanini na nne bila ya kukwama, na siku mwalimu alipomwuliza saba mara ngapi ni hamsini na sita, alifumba macho akaanza upya kutoka saba mara moja, akipanda kimoyomoyo huku midomo ikicheza, hadi alipoifikia. Alipata. Lakini darasa lilikuwa limekwisha kuhamia swali la tatu. Kumbukumbu yake ilikuwa kamili, na haikuwa na mlango wa kuingilia ila ule wa mwanzo. Nikikumbuka kisa hicho naona kwamba yule mwalimu kijana wa mkutanoni alisema kweli, na mzazi aliyempinga naye alisema kweli: jedwali lazima lihifadhiwe, na lihifadhiwe kwa namna ambayo mtoto aweza kuliingia kutoka popote, akiulizwa saba mara nane, akiulizwa hamsini na sita ni saba mara ngapi, akiulizwa ni idadi zipi mbili zinazozaa hamsini na sita.

Elimu ya kugawanya iliyonikaa zaidi, hata hivyo, sikuipata skuli bali msikitini, baada ya sala ya alasiri, kwa sheikh mzee aliyekuwa akitusomesha mirathi. Mafungu ya mirathi, kama yalivyowekwa katika Sura ya An-Nisaa, ni nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi, na kuyagawa ni kazi ya hesabu isiyoruhusu kubahatisha, kwa kuwa nyuma ya kila fungu yupo mjane au yatima. Sheikh alitupa suala la mtu aliyekufa akaacha mke, mwana wa kiume mmoja na binti mmoja. Mke, kwa kuwa kuna watoto, hupata thumuni; kilichosalia ni cha watoto, mwana akipata mara mbili ya binti, yaani kwa mafungu matatu. Sisi tulianza mara moja kugawanya mali kwa nane, kisha kugawanya saba zilizosalia kwa tatu, na hesabu ikatuvunjikia mikononi, maana saba haigawanyiki kwa tatu bila ya kubaki kitu.

Sheikh alitungoja mpaka tukachoka. Kisha akasema, kwa upole, “Msigawanye kwanza. Zidisheni kwanza.” Akaandika nane, akaizidisha kwa tatu, akapata ishirini na nne, akaifanya mali yote iwe hisa ishirini na nne. Thumuni yake ni tatu, akampa mke. Zikabaki ishirini na moja, nazo hugawanyika kwa tatu: kumi na nne za mwana, saba za binti. Akatuamuru tujumlishe, tukajumlisha, tatu na kumi na nne na saba, ikarudi ishirini na nne. Sijui kama nimeweza kueleza furaha niliyoihisi wakati ule, kijana wa umri wa miaka kumi na tatu hivi, nilipoona kwamba ugumu wa kugawanya uliondolewa kabla kugawanya hakujaanza, na kilichouondoa ni kuzidisha. Walimu wa leo huliita jambo hilo kutafuta kigawe kidogo cha shirika, na mtoto huifanya KDS kurasa kwa kurasa bila ya kuambiwa kwamba kuna mtu duniani aliyewahi kuihitaji.

Alitueleza pia suala ambalo wanazuoni huliita al-Mimbariyya, ambalo husimuliwa kuwa Sayyidna Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari: mke, mabinti wawili, baba na mama. Kwa hisa ishirini na nne, mke ana tatu, mabinti wana kumi na sita, baba nne, mama nne. Jumla ishirini na saba. Hisa zimepita mali. Jibu lilikuwa kuifanya mali iwe hisa ishirini na saba, ili kila mmoja apungukiwe kwa kipimo kile kile, na mke aliyekuwa na thumuni akawa na moja ya tisa. Baadaye nilisoma kwamba Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9 na ambaye kitabu chake cha al-jabr kimeiathiri hisabati ya dunia nzima, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi. Haikunishangaza. Watu wale walihitaji kugawa kwa insafu, na haja hiyo iliwalazimisha kuyajua vizuri mahusiano ya namba.

Nilipohitimu ualimu nilipangiwa kazi bara, katika mkoa huu wa Tanga, katika miaka iliyofuata Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Shule zilijaa. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu mwaka 1967, nayo ilikuwa neema kubwa kwa somo la hesabu, kwa sababu mtoto aliweza kubishana na mwalimu kwa lugha anayobishana nayo nyumbani. Lakini vitabu vilikuwa vichache, na madawati yalikuwa machache zaidi. Niliwatuma watoto waokote vizibo vya soda. Kwa vizibo hivyo, ambavyo havikumgharimu mtu hata senti moja, nilifundisha kwa miaka mingi, na sijapata kifaa kilichokuwa bora kuliko hivyo.

Kazi ilikuwa hivi. Kila kikundi kilipewa vizibo ishirini na vinne na kuagizwa kuvipanga sakafuni katika mistari iliyo sawa, bila ya mstari mmoja kupita mwingine. Kikundi kimoja kilipanga mistari minne ya vizibo sita sita. Nikamwuliza mtoto aliyekaa upande wa mlango anaona nini, akasema mistari minne, kila mmoja una sita. Nikamwuliza aliyekaa upande wa dirisha, akasema mistari sita, kila mmoja una vinne. Wakaanza kubishana, kila mmoja akimwona mwenzake hajui kuhesabu, mpaka wa mlangoni alipoinuka akaenda kusimama nyuma ya wa dirishani. Hapo ndipo nilipoandika ubaoni, kwa mara ya kwanza mbele yao, hesabu nne kwa pamoja: nne mara sita ni ishirini na nne; sita mara nne ni ishirini na nne; ishirini na nne kugawanya kwa sita ni nne; ishirini na nne kugawanya kwa nne ni sita. Vizibo havikusogezwa kutoka hesabu moja hadi nyingine. Kilichobadilika ni swali tu.

Kisha niliwapa vizibo kumi na saba. Walihangaika. Kwa mistari miwili kinabaki kimoja, kwa mitatu vinabaki viwili, kwa minne kinabaki kimoja, kwa mitano vinabaki viwili. Mtoto mmoja alisema, “Mwalimu, hii imekataa.” Wengine wakadhani nimewapa vizibo pungufu wakavihesabu upya. Wale watoto walikuwa wameikuta namba tasa kwa mikono yao kabla ya kulisikia jina lake, na walikuwa wamekuta baki, nao hawakuona aibu kwa kuwa baki lilikuwa pale sakafuni, kizibo halisi kisicho na mstari.

Mintarafu ya baki nina mengi ya kusema, kwa sababu hapo ndipo hesabu inapokutana na busara. Tuseme watoto hamsini wanavuka mto kwa mtumbwi unaochukua wanane. Hamsini kugawanya kwa nane ni sita, baki mbili, kwa kuwa nane mara sita ni arobaini na nane. Mtoto akiandika “safari sita, baki mbili” amepata hesabu na amewaacha wenzake wawili ng’ambo. Safari ni saba. Lakini ikiwa ni mita hamsini za kitambaa, na kila pazia linahitaji mita nane, mapazia ni sita, na mita mbili zilizobaki hazifanyi la saba. Na ikiwa ni shilingi hamsini za watu wanane, kila mmoja hupata shilingi sita na senti ishirini na tano, wala hapabaki kitu. Namba ni zile zile, kuzidisha kulikozithibitisha ni kule kule, na majibu ni matatu. Huwa naona mitihani ikiuliza hesabu hizi kwa tarakimu tupu, mtoto akapewa alama kwa “6 baki 2” akaenda zake. Na naamini kwamba mtoto asiyewahi kuulizwa afanye nini na baki amefundishwa nusu ya kugawanya.

Kugawanya kwa njia ndefu, ambako wazazi wengi hukukumbuka kwa huzuni, kuna hatua zake ambazo watoto huzikariri: gawanya, zidisha, toa, shusha. Kuzidisha kumo ndani yake waziwazi, na bado mtoto aweza kuzifanya hatua zote nne kwa miaka asijue kumeingia humo kwa kazi gani. Nilikuwa na mwanafunzi, msichana mwenye mwandiko safi, aliyegawanya 612 kwa 6 akapata 12. Sita ndani ya sita ni moja. Akashusha moja, ikakataa. Akashusha mbili, sita ndani ya kumi na mbili ni mbili. Akaandika 12 akapiga mstari chini. Sifuri ya katikati ilikuwa imemponyoka. Sikumwandikia kosa. Nilimwambia, “Zidisha jibu lako kwa sita, uone kama mia sita na kumi na mbili zitarudi.” Akazidisha, akapata 72, akakaa kimya akizitazama namba mbili zile. Kisha akasema, si kwangu bali kwa nafsi yake, kwamba sita mara mia moja peke yake ni mia sita. Akafuta, akaandika 102. Tangu siku ile kila hesabu ya kugawanya katika daftari lake ilikuwa na hesabu ndogo ya kuzidisha pembeni, imeandikwa kwa penseli, na wenzake wakaiga. Mtoto mwenye uwezo wa kuhakiki jibu lake mwenyewe hana haja ya kumtazama mwalimu usoni ili ajue kama amepata, na sioni uhuru mkubwa kuliko huo ambao darasa la hesabu laweza kumpa.

Miaka ilipokuwa imesonga nilisoma habari za mwandishi wa Misri ya kale, Ahmose, aliyenakili kitabu cha hesabu juu ya mafunjo yapata mwaka 1550 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, hati ambayo leo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza huko London. Alipotaka kugawanya 19 kwa 8, alijiuliza azidishe nane mpaka aipate kumi na tisa. Nane mara moja ni 8; mara mbili ni 16; nusu yake ni 4; robo yake ni 2; thumuni yake ni 1. Akachagua 16 na 2 na 1, zinazofanya 19, kwa hiyo jibu lake likawa mbili na robo na thumuni. Niliposoma mahali hapo niliweka kitabu chini, kwani nilikuwa nimekwisha kuiona kazi hiyo kwa macho yangu Malindi, ikifanywa kwa vijiti na mtu ambaye hakuwahi kusikia jina la Ahmose. Mjomba alikuwa amekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, nisiweze kumpa habari kwamba katika bara lake hili hili palikuwa na waliogawanya kama yeye tangu zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

Kwa hiyo nilipopewa nafasi ya kusema katika mkutano ule wa wazazi niliomba mambo machache ya kutendeka. Kuzidisha kusifundishwe muhula mmoja na kugawanya muhula mwingine, bali siku mtoto anapojifunza tano mara tatu, siku hiyo hiyo aulizwe kumi na tano zina tatu ngapi, na zikigawiwa watano kila mmoja atapata ngapi. Jedwali liimbwe, na liimbwe kwa kupanda na kwa kushuka, na kwa kurukaruka, na lianzie jibu liende kwenye swali. Kila jibu la kugawanya lihakikiwe kwa kuzidisha kabla daftari halijapelekwa mezani. Na vitu vya kushika mkononi, viwe vizibo, viwe kokwa, viwe kete za bao, visiondolewe upesi kwa sababu ya haraka ya mtihani. Bao lenyewe ni mwalimu mzuri: mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, na katika bao la kujifunza mchezo huanza kwa kete mbili mbili kila shimo, kugawanya kulikokamilika ambako mtoto wa pwani hukufanya kabla hajaanza darasa la kwanza. Simu zinazofanya hesabu hazinitii hofu. Zitampa mtoto jibu, na mtoto anayejua kuzidisha kinyumenyume atajua kama amebonyeza vibaya.

Kuhusu akili, niliwasimulia habari ya mtoto mmoja aliyekuwa amerudishwa darasa, ambaye walimu wenzangu walikuwa wamekwisha kumkatia tamaa. Nilikuwa nimeandika ubaoni sita kugawanya kwa sifuri, nikitaraji darasa liseme sifuri, kama madarasa yote yasemavyo, na walisema hivyo. Nikawaambia wahakiki. Sifuri mara sifuri ni sifuri, wala si sita; wakajaribu sita, wakajaribu moja, wakajaribu mia, na kila wakizidisha kwa sifuri sita haikurudi, mpaka wakaridhika kwamba hakuna namba hata moja iwezayo kulijibu swali lile. Ndipo mtoto yule, ambaye kwa desturi hakuinua mkono, akauliza, “Na sifuri kugawanya kwa sifuri, mwalimu?” Nikaliandika. Mmoja akasema ni sifuri, akahakiki, ikarudi. Wa pili akasema ni moja, akahakiki, nayo ikarudi. Wa tatu akasema saba, ikarudi vilevile, na kelele zikajaa darasani kila mmoja akidai amepata. Mtoto yule alisimama akasema kwamba katika lile la sita hapakuwa na jibu linalorudi, na katika hili kila jibu linarudi, kwa hiyo hata hili halina jibu, maana mtu akikuuliza na ukaweza kumwambia chochote, hujamwambia kitu. Nikamwambia kwamba wanahisabati nao wamesema vivyo hivyo, nikamwomba aje mbele ayaandike maneno yake ubaoni mwenyewe.